Poti Kando ya Cherehani

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na haambiliki. Ukimwambia gauni linabana, atakwambia mwili ndio umeongezeka. Ukimwambia suruali ni fupi, atakwambia usimame vizuri. Futi kamba haimtoki shingoni. Nimeshamwona nayo msibani, na wifi yangu anaapa kwamba hulala nayo. Ndiyo maana mtaani wanamwita Sentimita, na jina lenyewe analipenda.

Mimi ni dada yake. Nauza vifungo, zipu, lastiki na uzi kwenye kona ya mbele ya duka lake, pale penye mwanga, maana nilitangulia kuzaliwa na nikatangulia kuchagua. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo, nyuma ya makopo yangu ya vifungo, na mara nyingi nilikuwa nacheka.

Mwenye duka hasa ni binti yao. Ameshapita miaka miwili, kimo chake hakijafika meza ya kukatia, na akitaka kitu hajui kuomba, anaamuru. Tunamwita Bosi.

Mama yake Bosi, yaani wifi yangu, anapamba keki. Kabla hajazaa alikuwa duka la mikate la barabara ya pili, na watu walikuwa wakisimama dirishani kumtazama tu akiminya mfuko wa krimu mpaka waridi linatokea. Alipojifungua aliacha kazi. Akakaa nyumbani akimpenda mtoto wake na akiukumbuka mfuko wake, na mimi sijawahi kuona kwa nini mwanamke aambiwe achague kimoja. Siku moja nilikwenda kunywa chai kwao nikakuta siagi mezani imechongwa waridi. Nilipaka mkate wangu kwa huzuni.

Kwa hiyo mwenye duka la mikate alipomwita tena, kwamba mpambaji wake ameondoka, wifi alilia kwa furaha mbele yetu sote bila kuona haya. Akarudi kazini, na Bosi akawa anashinda dukani kwetu. Lakini duka la fundi si mahali pa mtoto. Kuna mikasi, kuna pini, kuna pasi ya moto. Wakakubaliana, mke na mume, kwamba hali hiyo ni ya muda tu mpaka chekechea ifunguliwe. Bosi akipata nafasi, mama yake anaendelea na kazi. Akikosa, mama yake anaacha, na safari hii hataitwa tena.

Chekechea ya mtaani kwetu ni moja, na ina Mwalimu mmoja. Ni mwanamke mfupi, ana miwani, na huongea kwa sauti ya chini kiasi kwamba inabidi uinamishe kichwa kumsikia. Nadhani anafanya makusudi. Mdogo wangu alikwenda kuandikisha mtoto, akainamisha kichwa, akaambiwa hivi:

"Fundi, mtoto wa nepi simpokei. Mlete siku ya majaribio akae asubuhi nzima bila nepi. Akishinda mkavu, nafasi ni yake. Akilowa, kuna mwenzake anasubiri."

Alirudi dukani kifua mbele. Wifi alikuwa amepita kumwona mtoto, bado ana krimu kwenye kiwiko, na uso umemsawijika kwa wasiwasi.

"Mke wangu, wewe nenda kapambe keki zako," mdogo wangu akamwambia. "Haya niachie mimi. Nimewavisha maharusi mtaa mzima, nitashindwa kumvua mtoto nepi?"

Nikajua tumekwisha.

Alianza kifundi. Akamshonea Bosi chupi za mabaki ya vitambaa: za maua, za mistari, moja ya satini ya gauni la bibi harusi, zote zimepigwa lesi. Zilikuwa nzuri mno. Bosi alizivaa zote kwa pamoja, moja juu ya nyingine, na alipobanwa hapakuwa na namna ya kuzivua kwa wakati. Zote zikalowa, mpaka ya satini.

Baada ya hapo akaishonea poti, kile choo kidogo cha mtoto, kikalio cha sponji, kwamba pengine plastiki ni baridi. Bosi akaipokea poti ile kwa moyo mkunjufu. Akaivaa kichwani. Akaifanya ghala la vifungo vyangu. Akamlaza ndani yake mwanasesere, akamfunika, akatuwekea kidole mdomoni tunyamaze. Kitu kimoja tu hakukifanya na poti ile, na kitu hicho akakifanya juu ya kitambaa cheupe cha mteja, kilichokuwa sakafuni kikisubiri kukatwa.

"Dada, unacheka nini?" mdogo wangu akaniuliza akiwa amepiga magoti na ndoo.

"Nimecheka mimi? Nina mafua."

Halafu mambo yakageuka. Siku moja mdogo wangu alikuwa na kazi ya mapazia ya ukumbi, mishono mirefu ya kutoka ukuta hadi ukuta, na Bosi hakutaka kukaa mbali naye. Cherehani yake ni ya miguu, ya zamani, ina kanyagio pana chini na gurudumu kubwa linalozungushwa na mkanda wa ngozi. Akaiweka poti kando ya kanyagio, akamkalisha Bosi, akaanza kukanyaga. Gurudumu likazunguka. Bosi akalikodolea macho, mdomo wazi, mikono magotini. Cherehani ikawa inaimba trrrrr, na katikati ya mshono tukasikia sauti nyingine ndogo chini ya meza.

Mdogo wangu aliacha kushona. Akachungulia. Akainua poti kwa mikono miwili, akatoka nayo mpaka kibarazani kumwonyesha kinyozi wa jirani, ambaye alikuwa anamnyoa mtu ndevu na hakuwa ameomba kuonyeshwa.

Tangu siku hiyo Bosi akawa mtu mwingine. Alikuwa akimtazama baba yake namna fulani, baba anamkalisha, anakanyaga, na kazi inaisha kabla pindo halijaisha. Nepi zikawekwa kabatini. Sakafu ikakauka. Wifi alituletea kipande cha keki chenye waridi juu yake, akambusu mumewe mbele yangu, na mume akavimba kichwa. Wateja waliokuja kupimwa nguo walipewa na mafunzo ya malezi, watake wasitake. "Siri ni utulivu," alikuwa akiwaambia, futi kamba ikining'inia. "Mtoto anataka kuona baba ametulia."

Mimi nilipata shaka mapema. Nilikwenda sokoni kununua uzi, Bosi nimembeba mgongoni, na njia yenyewe inapita kwenye baraza la maduka ya vitambaa, ambapo mafundi wamejipanga na cherehani zao safu nzima. Zote zilikuwa zinaunguruma. Nilihisi joto mgongoni, kisha nikahisi baridi. Niliporudi nikamwambia mdogo wangu kilichotokea na mahali kilipotokea.

"Umembeba vibaya," akanijibu. "Umembana kibofu."

Nikanyamaza, maana nimekwambia haambiliki. Nikaenda kubadilisha gauni.

Ukweli ulijitokeza wenyewe jioni ya kuamkia siku ya majaribio. Bosi alimtazama baba yake namna ile, baba akamkalisha, akakanyaga mara mbili, na mkanda wa cherehani ukakatika. Gurudumu likasimama. Mdogo wangu akainama kuutafuta mkanda chini, na Bosi akabaki juu ya poti, mikono magotini, anasubiri. Tukasubiri naye. Uso wake ukaanza kuwa mwekundu, na miguu ikawa inatikisika.

"Haya, mama, kojoa," baba yake akambembeleza.

Bosi akanyoosha kidole kwenye cherehani. "Baba, shona."

"Mkanda umekatika, mama. Wewe kojoa tu."

"Baba, shona!"

Mdogo wangu aliniangalia. Nilimwangalia. Nilimwona akirudi kichwani mwake mpaka sokoni, kwenye baraza la mafundi, kwenye mgongo wangu, na rangi ikamtoka. Hakuwa amemfundisha mtoto poti. Alikuwa amemfundisha cherehani. Na kesho yake asubuhi Bosi alikuwa anakwenda mahali penye poti nyingi na hapana cherehani hata moja.

Wifi alipotoka kazini alitukuta tumechuchumaa kumzunguka mtoto. Mdogo wangu alikuwa anatoa sauti ya cherehani kwa mdomo, "trrrrr," huku anakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, jasho linamtoka. Mimi, nisipoteze heshima yangu bure, nilikuwa nazungusha mfuniko wa sufuria badala ya gurudumu. Kinyozi alikuwa ameitwa na mashine yake ya kunyolea, akaiwasha, na Bosi akamtazama kwa dharau. Baba yake tu ndiye aliyempendeza. Bosi akacheka mpaka akalegea, akawa anamwigiza, "trrr, trrr," visigino vinagonga sakafu. Alijisahau kabisa, akakojoa, lakini wakati huo alikuwa ameshainuka kwenye poti ili acheze vizuri.

Tukamweleza wifi. Alisimama na mkoba wake begani. Kisha kicheko kikamshika, akakaa chini kwenye furushi la vitambaa, akacheka mpaka machozi. Halafu nikaona machozi yanaendelea na kicheko kimeisha.

"Nimeshaahidi keki ya kesho kutwa," akasema. "Ya ghorofa nne. Sasa nitawaambiaje?"

Mdogo wangu akauokota mkanda, akawa anauviringisha kidoleni. Sijamzoea akiwa hana la kujisifia, na iliniuma.

"Kamwambie Mwalimu ukweli," wifi akasema. "Mwombe siku nyingi kidogo."

"Kuna mtoto mwingine anasubiri," akajibu polepole. "Hatatupa siku nyingine."

Kama alilala usiku huo sijui, lakini asubuhi nilimkuta dukani, mkanda ameuunga kwa waya, na cherehani iko juu ya mkokoteni. Wifi alikuwa ameshakwenda zake kazini kabla ya mapambazuko, maana mikate haimngoji mtu.

"Dada, shika upande huo tusukume," akaniambia. "Mapazia ya chekechea yamechanika. Nitajitolea kuyashona."

"Yamechanika lini?"

"Nimeyaona nilipokwenda kuandikisha. Mapazia ndiyo kazi yangu. Sukuma."

Tukasukuma. Bosi alipanda juu ya mkokoteni, amevaa chupi ya mistari, anapungia watu mkono. Tulipofika, Mwalimu alituangalia juu ya miwani. Akayaangalia mapazia yake, na ni kweli yalikuwa yamechanika. Akasema kwa sauti ile ya chini tukae kibarazani, tusisumbue watoto. Bosi akaingizwa darasani.

Mpango ulikuwa huu. Cherehani isiungurume hovyo, kwa sababu Bosi akiisikia akiwa amekaa mkekani, amekwisha, na mama yake amekwisha. Inatakiwa iungurume wakati mmoja tu: watoto wakishakunywa maziwa na kupelekwa kwenye poti. Mimi nikae dirishani na leso. Nikiipunga, fundi akanyage.

Basi asubuhi yote mdogo wangu alikaa mbele ya cherehani bila kuigusa. Alipima pazia. Akalipima tena. Akalifumua sehemu iliyokuwa nzima. Akatunga uzi kwenye sindano, akautoa, akautunga.

Mwalimu akatokea mlangoni. "Fundi, hiyo cherehani ni ya kushonea au ya kuangalia?"

"Kitambaa hiki, Mwalimu, hakitaki haraka."

Mwalimu akarudi ndani, lakini miwani yake ilibaki kwetu.

Maziwa yalipomalizika, watoto wakapangwa mstari, wakapelekwa chumba cha pembeni kwenye poti zilizopangwa ukutani. Nilimwona Bosi akikalishwa ya mwisho kabisa, karibu na dirisha. Mikono magotini. Nikapunga leso mpaka bega likaniuma. Mdogo wangu akakanyaga kwa nguvu zake zote, cherehani ikasema "trrr," na waya ukafyatuka, mkanda ukaruka ukaangukia kwenye maua ya Mwalimu.

Kimya. Watoto walikuwa wanamaliza mmoja mmoja, wanainuka, wanavalishwa. Bosi alikuwa amekaa vile vile, anangoja, na uso umeanza kuwa mwekundu.

Mdogo wangu hakufikiri. Alitambaa mpaka chini ya dirisha, futi kamba inaburuta vumbi, akainua kichwa na kuanza: "Trrrrr! Trrrrrrr!" Huku visigino vinapiga saruji. Fundi wa maharusi. Mwanamume mwenye duka. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikupata nafasi ya lolote kati ya hayo, kwa sababu Mwalimu alikuwa ameshasimama nyuma yake.

"Fundi."

Akanyamaza. Hakuinuka.

"Unafanya nini chini ya dirisha langu?"

Ninamjua mdogo wangu tangu alipokuwa hana meno. Nilikuwa na hakika atasema kitambaa kimekosea. Atasema dirisha limekosea. Badala yake akakaa pale pale chini, akasema ukweli wote. Akasema mtoto hajui poti, anajua cherehani, na kosa ni lake mwenyewe kwa sababu alitaka kushona na kulea kwa mkupuo mmoja kisha akajisifu mtaa mzima. Akasema mke wake anapamba keki, na akiwa na kazi ile anaamka akiimba, na alipokuwa hana kazi hakuwa anaimba.

"Nilimwambia aniachie mimi," akamalizia. "Mwalimu, ukimkataa mtoto, sijui nitaingiaje nyumbani."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi yake. Alifungua mdomo kujibu, na hapo hapo sote watatu tukasikia kitu dirishani.

"Trrr. Trrr. Trrrrr."

Tukachungulia. Chumba kilikuwa kimeshabaki na mtoto mmoja. Bosi alikuwa juu ya poti ya mwisho, ameinamisha kichwa, mikono iko mbele kama inayosukuma kitambaa, na visigino vyake vinakanyaga sakafu, kimoja baada ya kingine, sawasawa kabisa. Alikuwa anashona mshono mrefu. Katikati ya mshono tukasikia ile sauti nyingine ndogo.

"Unafanya nini, mama?" Mwalimu akamuuliza kupitia dirishani.

Bosi hakuinua kichwa. "Nashona mwenyewe."

Alipomaliza akainuka, akaangalia ndani ya poti kuhakikisha kazi ni nzuri, akapandisha chupi yake ya mistari, akatoka. Hata kututazama hakututazama.

Mwalimu akavaa miwani. "Fundi," akasema, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji kuinamisha kichwa kumsikia, "beba cherehani yako uende. Mtoto mwache."

Tukaokota mkanda kwenye maua, tukachukua na pazia lililofumuliwa likashonewe dukani. Tukasukuma mkokoteni, na nilipomtazama mdogo wangu pembeni alikuwa anatabasamu na macho yana maji, akawa anadai ni vumbi. Tulipita kwanza duka la mikate. Wifi alikuwa nyuma ya kioo, mfuko wa krimu mkononi. Mumewe hakuingia; alisimama barabarani akainua mikono juu, kama mtu aliyefunga goli, na wifi akaminya krimu nje ya keki.

Dukani aliunga mkanda upya, safari hii vizuri, kwa kibano chenyewe cha chuma. Akaitia cherehani mafuta. Akaketi. Na hakushona.

Mteja aliyeahidiwa gauni mchana alikuja, akaambiwa arudi baadaye. Wa suruali akaja, akaambiwa hivyo hivyo. Kinyozi akachungulia kuuliza kama kuna msiba. Mdogo wangu amekaa mikono mapajani, miguu ameiondoa kabisa kwenye kanyagio.

"Wewe, una nini?" nikamuuliza. "Mtoto si amekubaliwa?"

"Amekubaliwa. Lakini sasa hivi watakuwa wamekaa mkekani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo cherehani ikisikika huko?"

"Chekechea iko barabara ya tatu! Kuna magari, kuna watu, kuna redio ya kinyozi!"

"Dada, upepo unavuma kuelekea huko. Nimesema sishoni."

Nikatoka nje kuangalia. Hapakuwa na upepo wa kutikisa hata uzi. Nikarudi nikakaa kwenye kona yangu, na sikumsema tena, na mimi kusema naweza.

Akakaa hivyo mpaka wifi alipoingia amemshika Bosi mkono, katoka naye chekechea. Wifi bado ana aproni ya kazini. Bosi ana chupi ile ile ya mistari aliyoondoka nayo asubuhi. Mdogo wangu akamwinua, akampapasa nyuma kama anayekagua mshono, mkavu, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Bosi akashuka. Akaitazama cherehani iliyonyamaza, akalitazama pazia la Mwalimu lililolala juu yake, akamtazama baba yake aliyekaa bure mchana kweupe, na hakupendezwa.

"Baba," akasema. "Shona."

Baba yake akamwangalia mkewe. Akaniangalia na mimi. Kisha akaweka miguu juu ya kanyagio taratibu, akakanyaga, na gurudumu likazunguka. Sote watatu tuliinamisha macho sakafuni, kwenye miguu ya Bosi.

Alikuwa ameshatuacha. Yuko kwenye kona yangu, anamwaga vifungo.